Nyotamkia Haikungoja Umalize Shada

Oktoba 2024 mimi na majamaa watatu tulipanda juu kabisa ya ploti yetu, pale watu huanika nguo, kutafuta nyotamkia. Wiki nzima ilikuwa gumzo kwa simu: inaitwa Tsuchinshan-ATLAS, angalia magharibi jua likishazama, si mbali na Zuhura. Mmoja wetu akasema tuwashe kwanza ndiyo tuione vizuri. Tukawasha. Tukaongea kuhusu ulimwengu, kuhusu wakati, kuhusu kama sisi wote ni vumbi la nyota. Maze, tulikuwa na akili usiku ule! Nilipokumbuka kuinua macho, ilikuwa imeshatua nyuma ya majengo. Tukasema kesho. Kesho yake mambo yakawa yale yale. Keshokutwa, mawingu.

Ndiyo maana nimechoka kuambiwa bangi hufungua akili.

Wazee, msianze kunipigia makofi, nina deni na nyinyi kwanza. Mlitudanganya. Shule ya msingi tuliambiwa ukivuta mara moja tu utaanza kuokota makaratasi barabarani. Nikavuta. Sikuokota kitu isipokuwa chapo ya pili. Basi nikaamua kila mlichosema kuhusu bangi ni porojo, hata yale machache ya kweli. Muuzaji hakuhitaji matangazo, mlishamfanyia. Na nyinyi mnaotaka kijana alale ndani kwa sababu ya shada moja, hamjamtibu. Mmempa tu rekodi ya polisi itakayomfuata akitafuta kazi.

Sasa tugeukiane sisi kwa sisi.

Kitu kinachokupa stimu kinaitwa THC. Wanasayansi walikitenga mwaka 1964. Kikiingia kwenye ubongo, hujibandika mahali ambapo mwili hutumia kemikali zake wenyewe, ikiwemo sehemu inayoshughulikia kumbukumbu mpya. Ndiyo maana unaanza sentensi na kufika katikati hujui ulikuwa unaenda wapi. Dakika tano zinahisi kama nusu saa. Moyo unadunda mbio. Kuna anayecheka, kuna anayeshikwa na woga. Na kwa wengine, hasa walioanza wakiwa watoto au wanaovuta kitu kikali kila siku, hatari ya kurukwa na akili huongezeka. Jamaa mmoja wa ploti yetu alianza kusikia majirani wakimsema kupitia ukutani. Siwezi kuapa ni bangi pekee. Lakini sisi tuliomcheka, tukamwambia "tulia, ni stimu tu, zitaisha," hatukuwa wanafalsafa. Tulikuwa wajinga, na yeye alikuwa mgonjwa.

Halafu niulize: kwa mazungumzo yote yale ya pale juu, ni nani kati yetu aliyejua nyotamkia hutoka wapi? Hakuna. Mmoja alikuwa akiiita kimondo. Kimondo ni kipande cha jiwe kinachowaka kikipenya hewa yetu, sekunde moja kimeisha. Nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi, masalio ya wakati jua na sayari zilipokuwa zikiumbwa, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Ikikaribia jua, barafu inageuka gesi, na hapo ndipo mkia unapotokea. Nyingi kati ya zile zinazorudi ndani ya miaka 200 hutoka eneo lililo nje ya sayari ya Neptune. Zile za safari ndefu hutoka mbali zaidi, kwenye Wingu la Oort, ambalo hakuna darubini iliyowahi kuliona moja kwa moja. Tunalijuaje basi? Mwaka 1950 Mholanzi Jan Oort alichukua vipimo vya njia za nyotamkia chache, zilizofuatwa kwa hesabu kurudi nyuma, akaona nyingi zinaelekeza kule kule.

Kuna huyu mwingine, Edmond Halley. Aliona nyotamkia mwaka 1682, akafukua rekodi za 1607 na 1531, akagundua ni ile ile inayorudi. Akatabiri itarudi 1758. Akafa mwaka 1742. Ikaonekana tena siku ya Krismasi, 1758.

Mtu alijua kitu ambacho hangeishi kukiona, kwa sababu wengine waliandika walichokiona na yeye akakaa chini akasoma. Kazi hiyo inataka kumbukumbu na hisia sahihi ya wakati. Hivyo viwili ndivyo shada huchezea kwanza, na wewe unaniambia linakupeleka angani?

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sitasingizia bangi, karo ilikuwa na mchango wake. Lakini ile "kesho" ya pale juu naijua vizuri. Ndiyo iliyokula insha zangu, ikala mtihani wa marudio, ikala na simu za mama ambazo sikupokea.

Sikwambii uache. Mimi si pasta wako. Nakwambia tu usiite stimu fikra. Nyotamkia ya Halley inarudi 2061, na mimi nitakuwa nimepita sitini. Nataka kuwa pale juu, macho yamezoea giza, na mjukuu akiniuliza niliona nini, nikumbuke.