Kikomo cha Seva na Haki ya Mwalimu

Msafiri wa Kilambo, kwenye mto Ruvuma, anaelewa kwamba pantoni ina kikomo cha abiria. Anayebaki ukingoni husubiri zamu. Seva nayo huwekewa kikomo cha watu inaowahudumia kwa wakati mmoja, isije ikazidiwa na kuwaangusha wote. Kikomo hicho si uonevu.

Uonevu ni kuwapa watumishi wa nchi nzima siku moja ya mwisho. Tangu PEPMIS ichukue nafasi ya OPRAS mwaka 2023/24, utendaji wa mwalimu wa Msimbati hupimwa humo. Asiitwe mzembe kwa kuwa mlango ulijaa.

Tunashauri tarehe zipangwe kwa zamu, mkoa kwa mkoa. Nao watumishi waache desturi ya kungoja dakika za mwisho.