Habari za Mwana Aliye Ng'ambo

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo lililokwisha kuingia katika nyumba nyingi za pande zetu hizi za mpakani, tangu Malaba mpaka Port Victoria, nalo ni habari za watoto wetu wanaosoma ng'ambo. Wako wazee ambao hawangojei kitu kwa hamu kama ujumbe wa mwana wao. Tena wako wanafunzi ambao hushika simu usiku wa manane wakijiuliza waandike nini. Nawaandikia wote, wala si kama mwalimu, bali kama mtu aliyekosa.

Kwetu Samia, ng'ambo si neno geni. Zamani ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa mto Sio, ambako watu walikwenda kuoa, kuzika na kula sikukuu, wakarudi jioni. Mpaka ulipowekwa, ndugu wa ukoo mmoja walijikuta huyu yuko Kenya na yule yuko Uganda. Baadaye ng'ambo ikawa Kampala, ambako chuo cha Makerere kilifunguliwa mwaka 1922, na vijana wa Kenya wakavuka mpaka kwenda kutafuta elimu ya juu. Kisha ikawa Marekani. Mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, wanafunzi 81 walipanda eropleni moja Nairobi wakaenda New York, na wengine wengi wakawafuata miaka iliyofuata.

Sisi wa Funyula tunao mfano wetu wa karibu. Aggrey Awori, mwana wa Kasisi Jeremiah Awori, alizaliwa mwaka 1939, akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1965. Tena alikimbia mbio za kuruka viunzi kwa ajili ya Uganda katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na ya Tokyo mwaka 1964. Yeye akawa mbunge na waziri Uganda, hali kaka yake Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula, na Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 mpaka 2008. Nyumba moja, bendera mbili. Aggrey alifariki mwaka 2021, na mpaka leo wazee hulitaja jina lake wakitaka kumtia mtoto moyo wa kusoma.

Lakini mimi nikifikiri juu ya wanafunzi wa zamani, humkumbuka zaidi Wangari Maathai. Yeye alikwenda mwaka 1960 katika chuo cha masista huko Atchison, katika jimbo la Kansas, akahitimu mwaka 1964, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 alisimulia mema mengi ya Marekani. Wala hakuficha kwamba katika safari ya basi kwenda Kansas, walipoingia mkahawa mmoja wa jimbo la Indiana kununua kinywaji, hawakuruhusiwa kuketi ndani kwa sababu ya rangi yao. Aliandika utamu na uchungu katika kitabu kimoja. Hapo ndipo penye shabaha ya maneno yangu.

Nami ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye yuko katika jimbo hilohilo la Kansas. Alilelewa nyumbani kwetu Sigalame na mama yangu, yaani nyanya yake. Alipopata nafasi ya chuo tulifanya harambee. Ng'ombe wawili waliuzwa, jirani wakatoa walichokuwa nacho, nami nikakopa katika chama cha akiba cha ofisini. Siku ya kuondoka, mama alimfungia unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi, akamwambia, "Mwanangu, usiniletee kitu. Niletee habari."

Naye alileta. Kila Jumapili ujumbe wake ulifika katika simu yangu, nami niliusoma kwa sauti chini ya mwembe, watu wote wakisikiliza. Alituandikia juu ya mashamba ya ngano ya Kansas yasiyokuwa na mwisho. Ngano hiyo hupandwa Septemba na Oktoba, hulala chini ya theluji wakati wa baridi, ikaamka na kuvunwa Juni na Julai. Mama, ambaye amelima maisha yake yote, aliuliza, "Na palizi hufanywa na nani?" Tulipomwambia kwamba mtu mmoja mwenye mashine hulima mahali pa kijiji kizima, alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi mtu huyo hana wa kuzungumza naye shambani."

Alhamisi ya nne ya Novemba, Wamarekani wanapoadhimisha sikukuu ya Shukrani, jamaa moja walimkaribisha kwao. Alituletea picha za meza iliyojaa, na bata mzinga mkubwa katikati. Akaeleza jinsi kila mtu, tangu babu mpaka mtoto, alivyosema kabla ya kula ni jambo gani analoshukuru. Sisi tulicheka sana alipoandika kwamba hakuna aliyeuliza firigisi ya ndege yule imekwenda wapi, kwa maana kwetu kuku wa mgeni akichinjwa, firigisi ina mwenyewe, na asipopewa huwa shauri kubwa. Zilikuwako pia picha za Chicago, majumba marefu na ziwa, naye amevaa koti zuri, anacheka.

Picha zile za Chicago ndizo zilizoniponza. Nilizitazama nikasema moyoni, "Kijana amekwisha kutajirika." Nikamwandikia kwamba jiko la nyanya yake linavuja. Sikumwomba kitu, lakini mwenye masikio alisikia. Baada ya miezi miwili zilikuja fedha za mabati kumi na mawili, tukaezeka, nami nikapita kijijini nikijivuna. Sikujiuliza fedha zile zimetoka wapi. Mwanafunzi wa kigeni Marekani haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo, tena kazi hiyo kwa kawaida iwe chuoni kwake. Na mshahara wa chini katika jimbo la Kansas ni dola 7.25 kwa saa, kiwango kilichowekwa mwaka 2009. Mimi ni karani. Kuzidisha hesabu hiyo ni kazi ya dakika moja. Sikuifanya.

Kosa langu la pili ni kubwa kuliko hilo. Mwishoni mwa Novemba hiyo mama aliugua, tukampeleka hospitali. Mpwa wangu alikuwa akikaribia mitihani. Tulifanya shauri la jamaa, tukakubaliana tusimtie wasiwasi. Mimi ndiye niliyeandika, "Sisi sote hatujambo, nyanya anakusalimu." Kazi yangu ofisini ni kupokea barua, kuzipiga muhuri wa tarehe na kuziweka katika majalada, na mkubwa wangu hajapata kuona tarehe ya uongo katika kitabu changu. Lakini kwa mtoto wetu niliandika uongo, mkono wangu haukutetemeka. Mama alifariki juma la pili la Desemba. Tukamzika Jumamosi iliyofuata, na mtu wa Kansas hakuambiwa. Tulisema atapata habari baada ya mitihani. Mitihani ikapita, na kila mmoja akamngojea mwenziwe aseme.

Siku ya Krismasi tulikusanyika Sigalame kama desturi, ingawa kwa huzuni. Saa sita ya mchana, kuku akiwa mezani, simu ililia. Huko kwake ilikuwa saa tisa ya usiku, kwa kuwa Kansas iko nyuma yetu kwa saa tisa wakati wa baridi. Alikuwa ametoka kazini, kusafisha kumbi za chuo. Aliwasalimu wote kwa majina, kisha akasema, "Mjomba, mpe nyanya simu, nimekesha kwa ajili yake." Hapana aliyejibu. Dada yangu alifunika uso kwa leso. Naye alielewa kabla sijafungua kinywa.

Hakupiga kelele. Baada ya kitambo kirefu aliniuliza, "Mjomba, mtihani hurudiwa. Nyanya, je?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Usiku wa siku ile alinipigia tena, nasi tukaambiana yaliyofichwa pande zote mbili. Nikapata kujua kwamba Chicago alikwenda mara moja tu, kwa siku moja, katika basi la wanafunzi, na koti lile lilikuwa la kuazima. Tangu nilipomwandikia juu ya jiko mpaka alipotuma fedha za mabati, alikuwa akila mara moja kwa siku. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba aliona jinsi tulivyofurahia picha, akaona haya kutupunguzia furaha. Kumbe yeye alikuwa akitulinda, nasi tukimlinda, na katika kulindana huko mama alikufa bila kusikia sauti ya mjukuu wake, naye mjukuu akanunua mabati kwa njaa yake. Mabati yale yangali yanang'aa juani. Kila nikipita karibu nayo hutazama chini.

Wanafunzi wa mwaka 1959 na 1960 walingoja barua siku nyingi, na pengine habari ya msiba iliwafikia wakati maua ya kaburi yamekwisha kunyauka. Wao walicheleweshwa na bahari. Sisi tunayo simu inayovuka bahari mara moja, na mtoto wetu alicheleweshwa na jamaa zake mwenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo, ndugu zangu wazazi, mkisikia habari za sikukuu na safari, furahini, lakini ulizeni pia habari za siku ya kazi. Amekula nini leo? Anatumia saa ngapi kazini, na ngapi kulala? Baridi imeanza, anazo nguo? Maswali hayo hayana gharama, na mtoto akiulizwa hivyo hujua kwamba anatafutwa yeye, si mfuko wake. Tena akiuguliwa nyumbani, aambiwe. Mwenye umri wa kuvuka bahari peke yake ana umri wa kulia.

Nanyi wanafunzi, tuleteeni picha za theluji na za karamu, maana zatufurahisha. Lakini pamoja na picha ya karamu, tuandikieni habari ya Jumanne ya kawaida. Hatutawadharau.

Siku hizi ujumbe wa Sigalame kwenda Kansas una habari zote: muhogo umeshambuliwa na ugonjwa, mtamba amezaa, bei ya samaki imepanda, mimi ningali nalipa deni la harambee. Naye huniandikia alichokula. Juma lililopita aliandika kwamba alisonga ugali kwa ule unga wa mwisho wa nyanya yake, aliokuwa ameuweka, akala peke yake bila kupiga picha. Niliusoma ujumbe huo kwa sauti chini ya mwembe, kama zamani. Kisha tukaendelea kukaa pale mpaka giza likaingia.