Sharti Lililojificha Katika Barua

Mzee mmoja mkulima wa Kitale aliniletea barua hapa Bungoma. Iliahidi mkopo, "provided that" azungushe ua shambani. Kwa kuwa alijua "provide" maana yake ni kutoa, alidhani fedha zimekwisha kutolewa, akanunua ng'ombe kwa deni. Kumbe neno hilo likifuatwa na "that" huwa sharti: ilimradi. Vivyo hivyo "seeing that" si kuona, bali ni kwa kuwa. Na "supposing that" ni tuseme kwamba. Basi, ndugu, mpatapo barua ya ofisi msifasiri neno peke yake. Litazameni na lile linalolifuata. Mzee yule sasa anauza mahindi yake ili alipe deni.