Kitabu si Mtumwa wa Mtihani

Ipo desturi mbaya iliyoota mizizi katika shule zetu, nayo hutendwa mchana kweupe bila haya. Mwanafunzi hufundishwa riwaya muda mrefu. Huamrishwa kuwataja wahusika wake, kuyahesabu maudhui yake na kuzipanga tamathali zake safu kwa safu kama askari wa gwaride. Siku karatasi ya mwisho ya mtihani ikusanywapo, riwaya ile huuzwa kwa bei ya maandazi, au huachwa chini ya dawati, au huchanwa kurasa zikafungiwa njugu. Wazazi hucheka, walimu hunyamaza, wachuuzi hununua. Mimi nasema kwamba desturi hii ni wizi, na mwenye kuibiwa ni kijana mwenyewe.

Wako watakaonipinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Hoja ya kwanza ni ya tumbo. Chaani, watasema, ni mtaa wa watu wa kazi. Bandari haiko mbali, malori ya makontena hunguruma usiku na mchana, na mzazi hutoka kwa zamu akarudi kwa zamu. Mwajiri hamwulizi mtu kitabu alichokipenda, humwuliza cheti. Basi kitabu kikishaleta cheti kimemaliza kazi yake, na kukihifadhi ni kama kuhifadhi tiketi ya safari iliyokwisha.

Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hudanganya kuliko uongo mzima. Cheti hufungua mlango wa kazi, hakuna abishaye. Lakini mlango wa kazi hufungwa pia. Changamwe ina ushahidi wake: kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Jambo lililodhaniwa kuwa la milele lilikwisha kwa miaka 50, kabla ya umri wa mtu mmoja kutimia. Aliyefundishwa kwamba thamani yake yote imo katika ajira, ajira ikiondoka atabaki na nini? Sisemi kwamba kitabu kitamlisha. Nasema kwamba mtu mwenye maneno yaliyokaa moyoni mwake hajioni takataka kwa sababu amekosa mshahara.

Hoja ya pili husema kwamba kupenda vitabu ni anasa ya wenye nafasi, si desturi ya watu wetu. Hao hawaijui pwani yao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Hakuutunga kwa soko wala kwa watahini. Msomaji aliyemkusudia kwanza alikuwa mmoja tu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki mwaka 1840, yalidumu vifuani mwa watu hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akamsaidia Mwingereza William Taylor kuyakusanya. Diwani yake ikapigwa chapa mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Ni mtihani gani uliowalazimisha watu wa Mombasa kuyakumbuka? Hapakuwa na mtihani. Palikuwa na mapenzi. Kama mashairi yale yangalikuwa mali ya watahini tu, yangalizikwa pamoja na mtunzi wake.

Tena tazama jambo la karibu zaidi. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alitiwa gerezani kwa sababu ya waraka alioutoa mwaka 1968 kuuliza nchi ilikokuwa ikienda. Kule ndani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika juu ya karatasi za msalani. Mashairi hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1973, yakiitwa Sauti ya Dhiki. Je, mtu huyo alijitia hatarini ili mwanafunzi apate alama mbili kwa kutaja idadi ya mizani, kisha akitupe kitabu? Tukijibu ndiyo, tumemfunga mara ya pili.

Hoja ya tatu ni ya bei, na hapa nawahurumia wazazi. Sheria ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu kodi ya asilimia 16, kana kwamba fikira ni bidhaa ya starehe. Kutoka mwaka 2018 Serikali ilianza kupeleka vitabu vya masomo moja kwa moja katika shule za umma, ikikusudia kila mwanafunzi awe na chake. Hilo ni jema, nalo listahili sifa. Lakini kitabu cha shule hurudishwa shuleni. Mwanafunzi hawezi kuandika jina lake juu yake, wala kupiga mstari chini ya neno lililomchoma, wala kumwachia mdogo wake. Amepewa kitabu cha kupitia. Hajapewa kitabu cha kuishi nacho.

Ubaya mwingine ni ile miongozo. Kijana huacha riwaya akasoma kijitabu kinachomweleza yaliyomo katika riwaya. Huku ni kumtuma mtu mwingine akale kwa niaba yako, kisha ukajitapa kuwa umeshiba.

Utaniambia, msomaji kijana, kwamba kitabu ulichochaguliwa hakikupendezi. Una haki. Hakuna kamati iwezayo kukuchagulia kipenzi. Kichukie ukitaka, ila kisome kwanza chote, ukichukie kwa akili yako. Lakini usidai kwamba kitabu cha shule hakiwezi kupendwa. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ilisomwa darasani kama vingine. Hata hivyo mwandishi wake alipofariki mwaka 2020, wengi walioisoma ujanani walimlilia kama ndugu, wakamkumbuka Kongowea Mswahili, mhusika wake, kama mtu waliyecheza naye. Mtihani wao ulikuwa umekwisha zamani. Kitabu hakikuwa kimekwisha.

Basi nataka mambo matatu. Mwalimu atenge kipindi kimoja kwa juma ambacho wanafunzi watasoma bila kuulizwa swali lolote la alama. Mzazi anayenunua sare anunue pia, walau mara moja katika miaka yote ya shule, kitabu kimoja alichokichagua mtoto mwenyewe, kiwe kipya au kikuukuu. Na wewe kijana, kabla hujaondoka shuleni, uwe na kitabu kimoja usichokubali kukiuza. Si lazima kiwe kikubwa wala cha mwandishi maarufu. Chumba cha kupanga kikiwa kidogo namna gani, hakikosi nafasi ya kitabu kimoja chini ya mto.

Watakaosema kwamba haya ni madogo wajaribu kuwauliza vijana mtaani mwao ni nani aliye na kitabu cha namna hiyo. Wahesabu vichwa vinavyoinama, kisha waje tuzungumze juu ya elimu.