Ngazi, Mnazi na Kivuli Chake



Kijana wa sekondari arudipo nyumbani na daftari lililojaa saini, kosaini na tanjenti, huwauliza wazee wake: "Haya yatanifaa nini?" Swali hilo ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa karipio. Mchukue mkono, mwende Darajani.

Katika njia zile nyembamba za maduka hamtakosa kumwona fundi akitundika kibao au akipaka rangi. Ngazi yake imeegemea ukuta. Ukuta umesimama wima, ardhi imelala, na ngazi imeziunganisha: hiyo ni pembetatu yenye pembe mraba. Itazameni pembe iliyo baina ya ngazi na ardhi. Kimo cha ukuta hadi ncha ya ngazi, kikigawanywa kwa urefu wa ngazi, ndiyo saini ya pembe hiyo. Umbali kutoka ukutani hadi mguu wa ngazi, ukigawanywa kwa urefu wa ngazi, ndiyo kosaini. Kimo hicho kikigawanywa kwa umbali huo, ndiyo tanjenti.

Tuseme ngazi ina urefu wa mita 5. Pembe ya salama ni nyuzi 75 hivi. Jedwali linasema kosaini ya nyuzi 75 ni 0.26, na saini ni 0.97. Zidisha kila moja kwa 5: mguu ukae mita 1.3 kutoka ukutani, na ncha itafika karibu mita 4.8. Fundi akiuvuta mguu hadi mita 3, ncha itashuka hadi mita 4, na pembe itapungua hadi nyuzi 53. Hapo ngazi ina hatari ya kuteleza. Akiusogeza karibu mno na ukuta ili kuwapisha wapita njia, yeye na ngazi wataweza kuanguka kinyumenyume. Asiye na jedwali akumbuke hivi: kwa kila mita 4 za kimo, mguu uwe mita 1 kutoka ukutani.

Sasa tutoke mjini, twende shamba. Mnazi mkongwe uko uani, na jiko la jirani liko mita 13 kutoka shinani. Je, ukikatwa utalifikia? Hakuna haja ya kuupanda. Simamisha kijiti cha mita 1 penye ardhi tambarare, ukihakikisha kwa timazi kwamba kimesimama wima. Ikiwa kivuli chake ni mita 0.8, tanjenti ya pembe ya jua ni 1 kugawanya kwa 0.8, yaani 1.25. Wakati huo huo pima kivuli cha mnazi kwa futikamba. Kikiwa mita 12, zidisha kwa 1.25: mnazi una mita 15. Ukiangukia upande wa jirani, jiko limekwenda! Basi na ukatwe vipande vipande kuanzia juu, kwa kamba. Lakini angalia: kipimo hiki ni cha mti ulionyooka, mnazi ulioinama hudanganya.

Elimu hii si ngeni kwetu. Wataalamu wa Kiarabu waliiita tanjenti "dhili", maana yake kivuli, na al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli. Kwa madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja, wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na kimo chake, baada ya kutoa kivuli cha adhuhuri. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini hapa Unguja, na kitu kilichosimama wima hukosa kivuli. Kwa hiyo, siku hizo alasiri inapoingia, jua liko nyuzi 45, tanjenti ni 1, na kivuli cha mnazi ni kimo chake hasa, bila ya kuzidisha wala kugawanya.

Leo jioni wapeni watoto kazi hii. Kijiti cha mita 1 kina kivuli cha mita 1.5, na mlingoti wa bendera una kivuli cha mita 9. Mlingoti una kimo gani? Atakayesema mita 6 amepata. Mwambieni aeleze alivyofanya.