Kosa la Mgunga

Katika ushairi wa pwani mwiba umepewa kazi moja tu, nayo ni kuchoma. Mara ni husuda ya jirani, mara ulimi wa mtesi, mara mpenzi aliyegeuka. Ua linalosifiwa ni waridi la uani, ambalo nalo, ajabu, lina miiba. Malenga wanaokariri hayo wangefaa kupelekwa Bariadi wakati wa kiangazi, wasimame chini ya mgunga kabla ya kuusemea tena.

Hapana anayekana kwamba mti huu una adha. Mwiba wake hupenya kandambili na gurudumu la baiskeli. Mifugo wakila maganda yake huzisambaza mbegu kwa mavi, hata malisho yaliyochungwa kupita kiasi yakawa kichaka kisichopitika. Ndani ya vichaka vya namna hiyo walijificha mbung'o walioua ng'ombe na kuwaambukiza watu malale. Ndiyo sababu katika miaka ya 1920 watawala wa Kiingereza waliwakusanya Wasukuma kufyeka. Dawa ilikuwa ya haki, kipimo ndicho kilichopotoka. Shoka halikujua pa kukomea: baada ya mbung'o ikaja pamba, kisha kuni na mkaa. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga, ambayo Bariadi ilikuwa wilaya yake hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ilikuwa ikitajwa kuwa inageuka jangwa.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, na sifa nyingi zikauendea. Lakini ngitili, yaani kutenga malisho masika ili yaliwe kiangazi, ni desturi ya Wasukuma wenyewe. Katika ngitili visiki vya migunga vilivyosalia ardhini vilichipua bila ya kupandwa na mtu, na aliyesimama mlangoni kuyapunguza meno ya mbuzi ni mwiba huo huo unaolaaniwa.

Maganda ya mgunga hudondoka nyasi zikiwa zimekwisha, mifugo ikapata riziki. Mizizi yake huutia udongo rutuba. Matawi yake huzungushiwa zizi, fisi akabaki nje. Na maua! Vifundo vya manjano au vyeupe, vidogo kama shanga, vilivyojaa nyuki. Hata jina la Acacia wataalamu wa mimea waliokutana Vienna mwaka 2005 waliliachia miti ya Australia. Pengine ni heri. Msukuma hakuwahi kulihitaji.

Mchoma mkaa anayeukata mti huu ana watoto wa kulisha, na udhuru wake unasikika, ijapokuwa hautoshi. Malenga aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi, akiutukana mwiba ambao hajapata kuuona ukichanua, hana hata udhuru huo.