KIWANDA KILIFUNGWA, UHABA UKAUZWA!

Ndugu msomaji, tuseme leo bahati imekuangukia. Kigogo mmoja kakualika sebuleni kwake, kafungua kabati la vioo, katoa chupa kwa mikono miwili kama anambeba mtoto mchanga. Chupa imeandikwa Port Ellen, miaka 37. Anakumiminia toti moja, halafu anakukodolea macho aone kama umeduwaa.

Usiduwae haraka. Kaa chini tuelezane ukweli wa kilichomo ndani ya hiyo glasi.

Kwanza onja kama mtu mzima. Hiyo siyo bia ya kugida, wala siyo konyagi ya kuchanganya na soda. Glasi yake ina tumbo pana na mdomo mwembamba ili harufu isitoroke. Ipeleke puani taratibu, midomo ikiwa wazi kidogo, la sivyo ukali wake utakuzaba kofi. Utasikia moshi. Siyo moshi wa kuni, bali wa ule udongo mweusi wa kinamasi ambao watu wa kisiwa cha Islay, huko Uskoti, huukata kama matofali, wakauanika, kisha wakauchoma ili kukaushia kimea cha shayiri. Nyuma ya moshi kuna chumvichumvi ya bahari, na nyuma ya chumvi kuna utamu kama wa ganda la limau. Tia matone mawili ya maji, sogeza ulimini, usimeze upesi.

Tamu? Tamu! Mimi sina ugomvi na kinywaji. Ugomvi wangu ni na bei, na zile hadithi wanazopewa watoto wa mjini ili waione bei hiyo ni halali.

Hadithi ya kwanza ni ya umri. Eti miaka mingi ndiyo ubora. Danganya toto! Wiski huzeeka ndani ya pipa la mwaloni tu. Ikishatiwa kwenye chupa, saa imesimama. Chupa ya miaka 12 uliyoificha chini ya uvungu kwa miaka 20 itabaki kuwa ya miaka 12 hata ukiiombea dua. Na ndani ya pipa nako, uzee una mipaka. Likikaa mno, mti humeza kinywaji, ukabaki unalamba ubao. Nguvu nayo hupungua, na ikishuka chini ya asilimia 40 sheria haikuruhusu tena kuiita wiski ya Uskoti. Mapipa yanayofika miaka 40 yakiwa bado na uhai ni machache, hilo nakubali. Lakini umri peke yake si cheti cha utamu.

Hadithi ya pili ni ya malaika. Wauzaji watakwambia kila mwaka pipa hupoteza kama asilimia 2 hewani, na wao hupaita hapo fungu la malaika. Ni kweli. Tupige hesabu basi. Pipa la lita 250 likilala miaka 22, hubakiza kama lita 160. Likilala miaka 44, hubakiza kama lita 100 na ushee. Kwa hiyo kwa kuongeza miaka 22 mingine, umepoteza kama theluthi moja ya ulichokuwa nacho. Lishike hilo mkononi, tutalirudia.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Kiwanda cha Port Ellen kilianzishwa mwaka 1825 kando ya bahari ya Islay. Kwa miaka mingi wenyewe hawakukiona kama lulu. Wiski yake ilikuwa ya kuchanganya na nyingine ili kutengeneza zile chupa za kawaida unazoziona kila baa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchumi wa dunia ukayumba, wanywaji wakapungua, na maghala ya Uskoti yakafurika mapipa yasiyo na mnunuzi. Kampuni iliyokuwa na kiwanda hicho, Distillers, ikashika panga. Mwaka 1983 ikafunga msururu wa viwanda vyake, Port Ellen kikiwemo, pamoja na Brora kule kaskazini.

Kijana mwenzangu, hapo huhitaji mkalimani. Neno kupunguzwa kazi unalijua. Baba yako, au mjomba wako, alilisikia kiwandani kwake miaka ya 1990 Tanzania ilipokuwa inabinafsisha mashirika ya umma. Mtu anaingia asubuhi ana kazi, anatoka jioni ana barua. Kule Islay nako, kisiwa chenye watu elfu chache tu, ajira za mitambo ile zilikufa kwa kalamu ya watu waliokaa mbali na moshi wake.

Lakini mapipa hayakupunguzwa kazi. Yalibaki ghalani, yamelala, yanazeeka. Na kwa kuwa kiwanda kimekufa, kila chupa iliyonywewa ilikuwa hairudi tena. Distillers ikamezwa na Guinness mwaka 1986, na mwaka 1997 Guinness ikaungana na Grand Metropolitan ikazaliwa Diageo. Mwaka 2001 Diageo ikaanza kuyatoa mapipa yale kidogo kidogo, kila mwaka fungu lake. Chupa ya kwanza, ya miaka 22, iliuzwa kwa pauni mia na ushee. Mwaka 2017 chupa ya miaka 37 ikatoka kwa pauni 3,250. Gawa mwenyewe: chupa ya mililita 700 hutoa toti 28 za mililita 25. Toti moja ni pauni 116! Yaani hiyo toti aliyokumiminia kigogo inakaribia bei ya chupa nzima ya mwaka 2001.

Haikuishia hapo. Mwaka 2024 wakatoa seti ya chupa mbili za miaka 44, seti 274 tu dunia nzima. Bei? Pauni 45,000 kwa seti, yaani pauni 22,500 kwa chupa.

Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Kutoka miaka 22 hadi miaka 44 malaika wamekunywa theluthi moja. Bei ya chupa imepanda karibu mara 200. Jamani, malaika gani hao wanakunywa namna hiyo? Gharama ya ghala na riba ya miaka yote hiyo ipo, lakini haifiki huko hata uivute kwa kamba. Kinachouzwa pale siyo kazi ya pipa. Kinachouzwa ni kule kufungwa kwa kiwanda.

Sisemi kwamba mwaka 1983 watu walikaa chumbani wakapanga njama ya kutengeneza uhaba. La hasha! Walifunga kwa sababu hawakuona faida. Na hapo ndipo uchungu ulipo. Hasara ya mwaka 1983 alibebeshwa mfanyakazi. Faida ya miaka iliyofuata ikaenda kwa mwenye mapipa. Mitambo ilipowashwa tena Machi 2024, mtu aliyepoteza kibarua pale akiwa na miaka 25 alikuwa na miaka 66.

Na wale wanaolipa, je, wanajua wanachokilipia? Mwaka 2017, kwenye hoteli moja ya St. Moritz, Uswisi, mgeni kutoka China alilipa karibu faranga 10,000 kwa toti moja ya wiski iliyoandikwa Macallan ya mwaka 1878. Akanywa. Kisha chupa ikapelekwa kupimwa. Wataalamu wakagundua ni wiski ya kuchanganywa iliyotengenezwa kati ya mwaka 1970 na 1972! Hoteli ikamrudishia fedha zake. Umeona? Ulimi haukupiga kelele. Ulichokionja ulimi ule ni tarakimu nne za kwenye lebo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, rudi sebuleni kwa kigogo. Glasi bado iko mkononi mwako. Inywe, usiimwage, maana walioitengeneza walijua kazi yao na jasho lao halistahili kumwagwa. Lakini usimwinamie mwenye chupa. Hakukausha kimea, hakuchochea moto wa mtambo, hakuviringisha pipa. Amenunua tu. Na wewe usiende kukopa, wala usiuze simu ya kiganjani, ili ukapige picha na chupa ya kuonea watu kijiweni. Ukiingizwa mjini na namba, umeingizwa na wewe.

Akikuuliza, "Unaonaje, kijana?", mjibu kwa adabu: "Tamu, mzee. Ila nasikia moshi, chumvi, na watu waliopunguzwa kazi."

Halafu mtazame yeye usoni. Zamu yake kuduwaa.